Mahakimu Wanane na Karani Mmoja

Tarehe thelathini mwezi huu, karani wa chumba cha pili cha mahakama yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa wiki hii barua nyingine ya uhamisho wa hakimu imefika na sisi wa masjala tumechoka hata kuhesabu.

Amefanya kazi na mahakimu wanane. Wa tatu alikuwa na mwandiko wa kuku, na karani peke yake ndiye aliyeweza kuusoma. Wa sita alisinzia kila baada ya chakula cha mchana, karani akajifunza kukohoa kwa adabu. Mmoja baada ya mwingine hunywa soda ya kuagwa, hufunga mabegi, huenda. Majalada hubaki na sisi.

Hakimu anayeshika nafasi ya aliyehama ana mamlaka ya kuendelea na ushahidi aliouchukua mwenzake, au kuanza upya, baada ya kuwaeleza wenye kesi kwamba wanaweza kuomba mashahidi waitwe tena. Kwenye sheria ni mistari michache tu. Kwenye benchi letu la nje ni watu kupiga pasi nguo zao nzuri mwaka mwingine tena. Karani alikuwa akitoka mwenyewe kuwafafanulia, taratibu, mpaka bibi wa mwisho aelewe.

Sasa lile jambo alilosisitiza nisilifiche. Fundi cherehani mmoja, mjane, anagombania nyumba na shemeji yake. Shahidi wake mkubwa alikuwa jirani mzee aliyeshuhudia marehemu mumewe akiinunua, na mzee yule alitoa ushahidi mbele ya hakimu wa saba. Siku ya kumuaga hakimu huyo, karani alimpelekea jalada atie saini mbio mbio, keki ikisubiri, kurasa mbili zikashikana. Ukurasa wa ushahidi wa mzee ukabaki bila saini ya hakimu, na bila saini hiyo ushahidi hauhesabiki. Hakimu wa nane alipofika, mzee alikuwa ameshazikwa.

Hakuna aliyegundua. Karani angeweza kuutuma ukurasa ule kimyakimya kwa hakimu wa saba huko alikohamia, ukarudi na saini ya tarehe ya zamani. Wapo waliomshauri hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Yeye akasimama mahakamani akasema kosa ni lake. Hakimu wa nane akatamka kwamba hawezi kutia saini maneno ambayo hakuyasikia, kesi ianze upya. Tulimnunia karani wiki nzima.

Sasa na huyu wa nane anahama, mashahidi wawili tu wakiwa wamesikilizwa. Jumatatu mjane alikuja dirishani. Karani akamweleza kwamba hakimu mpya ndiye atakayeamua pa kuanzia, na kwamba yeye hatakuwepo.

“Uliniharibia, kaka yangu,” akasema mama wa watu. “Lakini humu ndani anayejua nilikotoka ni wewe tu.”

Tunakushukuru, mzee wetu, kwa majalada ambayo hayakupotea hata moja, na kwa ukaidi wako. Tulitaka kukuaga Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, ukakataa. Siku hiyo kesi ya fundi inafika mbele ya hakimu mpya, nawe umeniomba nikuwekee nafasi kwenye benchi la wasikilizaji, kando ya mama huyo. Nafasi ipo. Sherehe tumeisogeza Jumatano. Tunakutakia mapumziko mema, siku utakayokubali kuyaanza.