Ng'ombe Tuliyekataa Kumla

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba mwitike vizuri, hasa ninyi wa safu za nyuma, mmeitika kama watu walioungua midomo na uji. Asifiwe tena! Haya, sasa nimesikia.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Bhoke wa hapahapa Nkende. Na wasionijua ni wengi, maana mimi si mtu wa kuonekana. Nilizaliwa Busawe, nikasoma hadi kidato cha nne, nikatolewa mahari, nikaletwa hapa Tarime, na tangu hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kisimani na kurudi. Marehemu mume wangu, Marwa, alikuwa ananiita Kuku wa Kuatamia. Akirudi kutoka machimboni Nyangoto ananikuta pembeni ya jiko, palepale aliponiacha, anauliza, "Mayai bado tu?" Watu walicheka na mimi nilicheka. Nyumba yangu niliipenda, na bado naipenda. Hata sasa nimesimama hapa mbele, miguu inaniuliza tunarudi saa ngapi.

Marwa alikuwa mchimbaji. Alikuwa anashuka kwenye duara la mtu mmoja mwenye uwezo, na duara ndilo hilo shimo la dhahabu lenyewe. Ndani kuna magogo ya kushikilia kuta zisiporomoke, wachimbaji wanayaita matimba. Marwa alikuja nyumbani analalamika kwamba matimba yameoza, kwamba wamemwambia mwenye duara, na mwenye duara amewajibu kuwa anayeogopa akalime mihogo. Nikamwambia, "Basi usiende, tulime hiyo mihogo." Akanicheka. Akaenda. Ukuta ukaporomoka.

Ndugu zangu, hapo sitakaa sana. Walimtoa chini ya kifusi, polisi wakafika, daktari akamchunguza, wakatuletea. Tukamzika.

Siku iliyofuata mazishi, watu wakiwa bado chini ya turubai, wakaja wajumbe wa mwenye duara. Walikuja kwa adabu, wamevua kofia, wakatoa pole. Na walikuja wanavuta ng'ombe dume mweusi, amenona mpaka anang'aa. Wakasema hii ni rambirambi. Pamoja na ng'ombe walikuwa na karatasi, wakasema ni ya kawaida tu, ya kuonyesha kwamba familia imepokea, imeridhika, na haina madai mengine.

Wenyeji mnajua ninachotaka kusema, lakini hapa tuna ndugu wa mikoa mingine walioletwa na dhahabu, acha niwafafanulie. Kwetu ng'ombe ndiye kalamu na ndiye muhuri. Tunaoa kwa ng'ombe, tunapatana kwa ng'ombe. Na katika ukoo wa mume wangu, ng'ombe wa aliyekukosea akichinjwa uani kwako, mama wa marehemu akaonja nyama wa kwanza, basi maneno yamekwisha. Atakayeyafufua ndiye atakayeonekana mkorofi. Kwa hiyo ile karatasi ilikuwa ya wajumbe. Sahihi ya kwetu ilikuwa kwenye sufuria!

Shemeji yangu Mwita, kaka mkubwa wa marehemu, akaanza kunoa kisu. Akaniita, "Mke wetu, bandika maji."

Na mimi, ndugu zangu, nikainuka kwenda kubandika! Si ndiyo kazi niliyoizoea? Nilikuwa nimeshashika sufuria ndipo mikono ikakataa. Nikaomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba, fupi kuliko ya mzee wetu wa kanisa siku ya mvua. Nikasema, "Bwana, mimi sijui kitu, lakini ng'ombe huyu si mume wangu." Basi. Nikaweka sufuria chini, nikatoka, nikaishika kamba ya yule dume.

"Shemeji, maji sibandiki."

"Unasemaje?"

"Sibandiki. Na huyu hachinjwi."

Mwita akawageukia wenzake. "Njooni muone! Kuku wa marehemu leo ameota meno!"

"Kuku hana haja ya meno, shemeji. Mpelekee mkono akiwa ameatamia, utajua anatumia nini."

Watu wakaguna. Mwita akakasirika kweli. Akanisogelea na kisu chake, akasema maneno ambayo naomba myashike, maana tutayahitaji huko mbele. Akasema, "Wewe umeletwa kwenye ukoo huu kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe utanyamaza!"

Lakini kamba sikuiachia. Na hapo ndipo Bwana alipomwinua mtu ambaye hakuna aliyemtegemea: mama mkwe wangu, Bibi Ghati, aliyekuwa amekaa ukutani hajasema neno tangu mazishi.

"Mwita. Hiyo nyama nani anaonja kwanza?"

"Wewe, mama."

"Kwa meno gani?"

Mwita akashangaa. "Mama, si juzi tu ulikuwa unatafuna mahindi ya kuchoma?"

"Juzi yalikuwepo," Bibi akasema. "Nimeyazika jana na mwanangu."

Ndugu zangu! Pale uani kuku hakulia, na mimi ndiye kuku mwenyewe. Mwita akakirudisha kisu kwenye ala. Mama asipoonja, nani anakula?

Wajumbe wakaondoka na karatasi yao bila sahihi. Wakakataa kuondoka na ng'ombe, wakasema ng'ombe wa msiba harudi nyuma. Akabaki kwangu. Nikamfunga nyuma ya jiko, nikampa jina Rambirambi. Akala sukuma wiki zangu, akala migomba, akala na kanga moja niliyoianika. Kila asubuhi tunatazamana, mimi na yeye, kama majirani wenye kesi ya mpaka.

Mama mchungaji aliposikia, aliniambia hapa Nkende kuna ofisi ya msaada wa kisheria, bure. Kumbe iko karibu na kwangu kiasi kwamba ungebandika chai, ukaenda, ukarudi kabla haijamwagika! Sikuwahi kufika. Nikamkuta dada mmoja mchangamfu, nikamwambia nimekuja kuuliza habari za ng'ombe.

"Mama, idara ya mifugo si hapa."

"Ng'ombe mwenyewe ni wa kifo."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza, naye akanieleza maneno ambayo nimeyaleta hapa leo kama sadaka yangu, maana humu ndani kuna wajane, na kuna wake ambao waume zao muda huu wako chini ya ardhi wanachimba.

Aliniambia rambirambi ni pole, na fidia ni haki. Pole haifuti haki. Hata kama mngemla yule ng'ombe na kwato zake, sheria isingesema mmemaliza. Ila ukiweka sahihi au dole gumba kwamba umeridhika na huna madai, hapo umewapa watu kamba ya kukufungia. Usisaini kitu cha msiba machozi yakiwa bado machoni. Kipeleke kwanza kikasomwe na anayejua.

Akaniambia kuna njia zaidi ya moja, na moja haizuii nyingine. Polisi wakiona kuna uzembe uliosababisha kifo, hiyo ni kesi ya jinai, ni ya Jamhuri, na mimi pale ni shahidi tu. Ukoo hauwezi kuifuta kwa kitoweo. Pili, kama marehemu alikuwa mfanyakazi, wategemezi wanaweza kudai kwenye mfuko wa fidia wa wafanyakazi. Tatu, mke, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kumshtaki kwa madai yule ambaye uzembe wake ulileta kifo. Na yote yana muda wake! Ukikaa ukilia miaka, sheria inafunga mlango. Kisha akaniuliza, "Uko tayari kutembea, mama?"

Mimi! Kutembea!

Nilitembea. Tulianza na Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mume wangu. Mwita alitaka awe yeye, lakini kwenye kikao cha ukoo Bibi Ghati alisema kwa kuwa hana meno atataja jina moja tu, akataja langu. Nilikwenda kufuata cheti cha kifo. Nilikwenda kufuata taarifa ya daktari. Nikipita barabarani majirani wanaulizana kama nyumba imeungua.

Kuhusu ule mfuko, mwenye duara alisema Marwa hakuwa mfanyakazi wake, alikuwa mbia, walikuwa wanagawana mifuko ya mawe. Yule dada wa ofisini akacheka. "Sawa, tutabishania hilo na wenyewe. Lakini mbia naye haangushiwi matimba yaliyooza." Tukafungua madai mahakamani.

Sasa tulihitaji mtu wa kusema kuhusu matimba. Nikaenda Nyangoto mwenyewe, nimebeba viazi vitamu na chupa ya chai, maana nilijua silaha yangu ni jiko. Nikamkuta Shija, Msukuma aliyekuwa akishuka na Marwa. Akanisalimia vizuri, akala viazi, kisha akainamisha kichwa.

"Shemeji, mimi mgeni huku. Nikisema, nafukuzwa duarani. Nitakula wapi?"

"Hivyo viazi umeviona?"

"Vitamu kweli."

"Viko vingi. Na aliyekufa ni yule mliyekuwa mnashikiana kamba."

Akaokota zana zake, akaondoka. Nikarudi nyumbani nikidhani nimeshindwa, nikaomba, nikamlisha Rambirambi. Siku ya kesi Shija alikuja! Amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akasema mbele ya hakimu kwamba alikuwepo walipomwambia mwenye duara habari za matimba, na alilisikia lile jibu la mihogo.

Basi wakili wa upande ule akageukia kwangu. Akaomba cheti cha ndoa. Mimi cheti nitakitoa wapi? Akasema kumbe huyu si mke, ni mwanamke tu aliyekuwa akiishi na marehemu, hana madai yoyote.

Ndugu zangu, nilihisi ardhi inaniporomokea na mimi. Lakini nyuma yangu kuna mtu alikohoa. Mwita! Alikuwa amekuja kutazama nikishindwa, msinibishie, mwenyewe amekiri na yuko pale anacheka. Aliposikia ng'ombe wa ukoo wao wamefanywa si kitu, damu ikamchemka. Wakamwita kizimbani, akaapa, akasema, "Mheshimiwa, ng'ombe wa mahari ya huyu niliwaswaga mimi mwenyewe kutoka kwetu hadi Busawe. Mmoja alinipiga teke mtoni. Kovu ninalo." Na akapandisha suruali kulionyesha! Hakimu akamwomba aishushe. "Huyu ameletwa kwenye ukoo wetu kwa ng'ombe," akasema. "Ni mke."

Mmeyakumbuka yale maneno? Maneno yaliyokuja kuniziba mdomo, Bwana akayageuza yakanifungulia mlango!

Baada ya hapo upande ule wakaomba tuzungumze. Tulipatana mbele ya mahakama, ikaandikwa, ikawa amri. Kiasi sitakitaja, naona mashemeji wameanza kukaa vizuri kwenye viti. Ila Bhoke na wadogo zake wanasoma, Bibi ana sehemu yake, nyumba ni yetu. Ile ya jinai Jamhuri bado inaendelea nayo, na siku nikiitwa nitakwenda. Marwa hajarudi. Fidia haimrudishi mtu. Lakini hakuna atakayesema tulimla na ugali.

Na Rambirambi? Nilimrudisha mwenyewe. Mimi mbele na kamba, Shija nyuma na fimbo, mwenyekiti wa mtaa kama shahidi, mpaka getini kwa mwenye ng'ombe. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Pole zako tumezipokea. Ng'ombe wako huyu hapa." Akaipokea kamba.

Jirani yangu, kama leo kuna ng'ombe amefungwa kwako na watu wanakuharakisha ubandike maji, usibandike. Mtegemee Mungu, kisha uinuke, maana hatakwenda ofisini badala yako. Hujui pa kuanzia? Njoo kwangu, nitakusindikiza. Unanijua, utanikuta jikoni.

Na ibada ikiisha msiondoke. Tumechinja mbuzi wetu wenyewe kwa ajili ya kushukuru. Alfajiri, nyama ikiwa haijaiva vizuri, mama mkwe wangu aliingia jikoni, akachukua paja, akaanza kutafuna mfupa. Nikamuuliza, "Bibi, na meno?"

Akasema, "Yamefufuka."

Bwana asifiwe!