Matofali ya Specioza

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo hapa Bariadi na Simiyu yote. Leo siweki utani. Mnanijua kwa utani, lakini leo siuweki, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Jumamosi tumemzika Specioza Mihayo. Manju Specioza, mwimbaji wetu. Amefariki akiwa na miaka thelathini na tisa, kwa ugonjwa wa figo. Hata kama humjui kwa sura, sauti yake unaijua. Ule wimbo wa wavuna pamba, unaopigwa kila harusi na kila mnada, ni wake.

Tuanze na mdogo wake, Salu. Miaka minne iliyopita Salu alishikwa na uchungu kijijini kwao. Zahanati ipo, wodi ya wazazi haipo. Wakampakia kwenye bodaboda kuja mjini, mvua inanyesha, Specioza amemshikilia kwa nyuma. Hawakufika. Salu alifia njiani, na mtoto tumboni.

Specioza alikaa miezi mitano bila kuimba. Aliporudi alikuwa na sharti moja. Haimbi tena kwa kiingilio cha fedha. Ukitaka kumsikia, njoo na tofali la kuchoma. Mtu mmoja, tofali moja. Yote ya wodi ya wazazi.

Na watu walileta, jamani. Mnakumbuka mashindano ya ngoma baada ya mavuno, mwaka ule? Upande huu kundi la mzee Mayige, upande ule kundi la mzee Ngeleja, Specioza akiimba katikati. Siku zote mshindi ni mwenye watu wengi. Safari ile akasema mshindi awe mwenye matofali mengi. Kina mama walikuja na matofali kichwani. Mikokoteni ya ng'ombe ilipanga foleni. Mayige akayapaka ya kwake chokaa, Ngeleja akayapaka ya kwake masizi, ili yasichanganyike. Tulicheka sana siku ile.

Matokeo niliyasoma mimi, hapahapa, kwenye maiki hii. Mayige ameshinda. Nikaongeza la kwangu: nikamwambia Ngeleja akajenge banda la kuku, maana ngoma imemshinda. Mji mzima ulicheka. Ngeleja hakucheka. Alisema tofali lake hata moja haliingii kwenye jengo litakaloitwa ushindi wa Mayige. Mayige naye akasema hakuchoma matofali ili azibe pengo la walioshindwa.

Lundo moja halikutosha wodi. Mawili yangetosha. Yamekaa pale zahanati miaka mitatu, majani yameota juu yake.

Specioza alikwenda kwa Mayige, akapiga magoti. Akaenda kwa Ngeleja, akapiga magoti. Kisha akaja kwangu studioni, miguu tayari imevimba. Aliniomba jambo moja tu, nimtake radhi Ngeleja hewani, labda moyo wake utalainika. Nikamwambia, dada, matokeo hayabadilishwi, na utani ni utani. Akaniangalia.

"Kaka," akasema, "nimewaimbia mpaka wakayaleta. Kuwaimbia mpaka wayajenge, nimeshindwa."

Wasikilizaji, miaka yote hiyo mitatu wajawazito wa kijiji kile wameendelea kupanda bodaboda.

Sasa Jumamosi. Kaburi lilihitaji matofali, na msiba haungoji. Mtu akauliza, si yapo pale zahanati? Mayige akatoa ya kwake, huku analia. Ngeleja kuona hivyo hakukubali kupitwa, naye akaleta ya kwake. Fundi hakuuliza kitu. Alijenga jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, mpaka juu. Kaburi zuri. Watu walipiga picha.

Mama yake, mayu Justina, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Hakulia. Alilitazama kaburi mpaka likamalizika, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Kumbe yanakaa pamoja."

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nilimsikia.

Mayu Justina, pole. Poleni ukoo wote wa Mihayo. Mungu ampokee Specioza, ampumzishe na Salu wake. Umezika mabinti wawili, mayu, na wa pili tumemzika kwa matofali aliyoyatafuta kwa ajili ya wa kwanza. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo tulivyofanya.

Mzee Ngeleja, nakutaka radhi. Nilikudhalilisha mbele ya mkoa mzima, nakuomba msamaha mbele ya mkoa mzima. Nimechelewa, najua. Aliyeniomba nifanye hivi hanisikii.

Na sisi wengine tuliocheka, tukae tujiulize tulikuwa tunacheka nini. Kaburi halikumaliza matofali. Yaliyobaki yanatosha wodi, fundi mwenyewe ameniambia. Jana nimempigia mzee Mayige. Akaniuliza, Ngeleja amesemaje? Nikampigia mzee Ngeleja. Akaniuliza, Mayige amesemaje?