Huyo Mama Alipona?

Basi la kutoka Kajiado lilikuwa limepita Isinya wakati mama aliyekaa kati yangu na msichana wa dirishani aliposhindwa kuvumilia. Msichana huyo alikuwa akibonyeza simu na kunung'unika tangu tupande.

"Unasoma nini hivyo, msichana wangu?"

"Maswali ya mazoezi, mum. Niko na mtihani wa leseni ya udaktari wiki ijayo. Ule wa kwanza nilianguka." Akamsomea moja kwa Kiswahili: mama wa miaka hamsini ameletwa hospitali, jasho linamtoka, kifua kinamuuma. Utampa nini kwanza? Akabonyeza jibu. Simu ikaonyesha kijani: amepata.

"Na alipona?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Hakuna mama, mum. Ni swali tu."

"Si umesema jasho linamtoka?"

Mimi nilijifanya naangalia vibanda vya maua, nisicheke.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Basi muite Ndunge. Mtu hawezi kuumwa hivyo na hana hata jina."

Msichana akasema swali moja ni dakika moja, hakuna nafasi ya kujuana na mtu. Mama akasema jina halimalizi dakika. Walibishana hivyo, kwa upole, mpaka Kitengela.

Mama akashuka, kisha akagonga dirisha kutoka nje. "Huyo Ndunge umuangalie vizuri!"

Msichana akafungua swali lingine. Akasoma, halafu akanigeukia.

"Mzee wa miaka sabini, anakohoa damu. Tumuite nani?"