Nyamoita na Nyavu za Omena

Hii habari ya kuzaliwa kwa Nyamoita niliipata kwa mamake mwenyewe, mzee Kezia, siku tulikuwa tunapukuchua mahindi kwake, akasema mtoto alikuja alfajiri ya tarehe kumi na nne Aprili 1953, huko Isebania, Migori, ukungu ukiwa mzito mpaka ng'ombe wanaonekana kama wanaogelea.

Alisoma mpaka darasa la tano, akauza ndizi sokoni, na mwaka wa 1972 ndugu yangu Nicanor akamuoa, akamleta Mbita. Ziwa alikuwa hajawahi kuliona, akauliza hilo shamba ni la nani limekuwa bluu namna hiyo. Wakajaliwa Chrispine, Lynnet na Achieng.

Kazi yake ikawa omena, vile vidagaa vya ziwani, kuvianika ufuoni, kila mama na wavu wake ametandika chini, jua likipanda ufuo wote unang'aa unameremeta.

Mwaka wa 2021 akaanza kusahau. Daktari kule Homa Bay akasema ugonjwa wa kusahau ndio unaanza, aachwe afanye anachoweza, akae na watu. Lakini ufuoni akawa anazoa omena za wavu wa mwenzake akidhani ni zake, na kwetu hiyo ni vita. Roseline, jirani yake wa wavu, akapiga kelele akimwita binti wa Wakuria kwa Kijaluo, "Nyar Kuria, leo tena umenimalizia omena!" Naye akamjibu, "Si mimi, ni hao omena wamenifuata!"

Sisi tulicheka, Chrispine akaona aibu, akafunga geti. "Mama, kaa hapa, tutakuletea kila kitu."

"Mtaniletea na ziwa?"

Akakaa ndani, chakula hataki, akawa anayeyuka tu tukimwangalia. Ndio Roseline akaja mwenyewe. "Chrispine, fungua, huyu si gunia la mahindi!" Akafungua, na wale wamama wa ufuoni wakaunganisha nyavu zao zote zikawa uwanja mmoja, kila mtu anaanika popote, jioni wanagawana kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, sasa atachukua ya nani?

Basi akaanika miaka mingine mitatu, majina yetu yakimponyoka polepole, mkono wake bado ukijua omena iliyokauka, akiimba Kikuria, hata wasioelewa wakiitikia, mpaka nimonia ilipomchukua hospitalini Homa Bay, Alhamisi tarehe sita Februari 2025.

Asante daktari na manesi, asante majirani, asante wamama wa ufuo, na wewe Chrispine, asante kwa kufungua, wacha kulia. Nyamoita, mke wa ndugu yangu, pumzika kwa amani. Na nyinyi watoto, kesho tunamsindikiza kaburini mapema, ingieni ndani mlale.