Nani Aliyeyusha Gari la Gaolathe

Mzee Gaolathe alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye kwa nini leo amepanda kombi, basi dogo la kwenda Tlokweng. Mimi nilikuwa nyuma yao na gazeti ambalo sikulisoma.

Juzi mzee aliegesha gari lake mbele ya jengo jipya la vioo hapa Gaborone. Aliporudi saa nane mchana, kioo cha pembeni kilikuwa kinaning'inia na plastiki ya mlango imejikunja.

"Ni shemeji yangu, mma," mzee akasema, akimwita mama kwa heshima ya Kitswana. "Tumegombana juu ya ng'ombe, akaja kunichomea."

"Hapana, rra. Hilo jengo nalisafisha mimi," mama akasema, naye akimwita bwana kwa heshima ileile. "Ukuta wake umebonyea kama bakuli. Jua likiupiga, mwanga wote unakusanyika pale chini. Mimi ndoo yangu imeyeyuka hapohapo."

"Mbona gari la jirani halikuguswa?"

"Mwanga unahama. Saa ile ulikuwa kwako."

Tukapita vituo viwili. "Nimemtukana mbele ya ukoo mzima," mzee akasema. "Afadhali angekuwa amelichoma kweli."

"Mwombe radhi tu."

"Nimwambie nilimsingizia kazi ya jua?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Na kama ni yeye?"

"Rra, shemeji yako angeiyeyusha ndoo yangu kwa nini?"

Kombi ikasimama. Mzee akashuka akisisitiza kwamba bado anamshuku kidogo. Simu ilikuwa tayari sikioni, na nilimsikia akisema kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, umeshakula?"