Neno Moja Kabla ya Chai

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza ramani wa kituo chetu cha pampu, ambaye wote tunamwita Bwana Nakala, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu.

Wengi wenu hamjawahi kumwona. Kituo kiko mlimani, mwisho wa barabara ya vumbi, na ofisi yake ni chumba kimoja, meza moja na kompyuta moja. Zamani walikuwa watu watano kule. Pampu zilipoanza kujiendesha, wenzake walihamishwa mmoja mmoja, akabaki yeye na mngurumo wa mashine.

Kazi yake ni rahisi kuieleza: ramani za mabomba zilizo kwenye kompyuta yake zilingane na zilizo kwenye yangu hapa makao makuu. Akichora bomba jipya kule, lionekane huku. Nikifuta la zamani huku, lifutike na kule. Mwanzoni alizileta mwenyewe kwenye diski, mfukoni mwa shati. Baadaye kompyuta zetu zikaunganishwa, tukadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Kuna mwaka betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta yake ilikufa, na saa ya mashine ikarudi nyuma miaka kadhaa. Sasa mitambo hii ina kanuni moja: faili lenye tarehe ya karibuni ndilo linalobaki. Kazi yake yote ya wiki ile ikahesabiwa kuwa ya kale, ikafunikwa na ramani zangu zilizopitwa na wakati. Mafundi wakazifuata, wakachimbua ua wa mama mshonaji kutafuta bomba lililokwisha kuhamishwa. Maji hawakuyapata, maneno waliyapata ya kutosha. Bwana Nakala alishuka mlimani na koleo lake, akalifukia shimo mwenyewe na kumwomba yule mama radhi kwa niaba ya saa.

Hapo ndipo ilipoanza desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikagua saa ya mashine, kisha akaweka kwenye folda yetu ya pamoja, inayoonekana kule na huku, faili dogo lenye neno moja: Nipo. Nikiliona, naandika chini yake: Nimekuona. Fundi wa kompyuta alitucheka, akasema mtandao una taa yake ya kijani. Bwana Nakala alimjibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo, akaendelea. Hata siku aliporudi kazini baada ya kumzika mkewe, faili lilikuja vilevile, neno lilelile, nami nililia mezani bila kujificha.

Kuna asubuhi halikuja. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, lakini simu haikupokelewa. Nilimsihi fundi bomba apande pikipiki, naye akamkuta sakafuni, homa imempanda, hana nguvu hata za kuufikia mlango. Alipotoka hospitali alinipigia simu.

“Mwanangu, watoto wangu wako mbali,” alisema. “Ni wewe tu unayejua kama nimeamka.”

Ndiyo maana kustaafu kwake sikukufurahia kama adabu inavyotaka. Wiki iliyopita alikuwa anaisafisha kompyuta yake kabla ya kuikabidhi, akifuta vitu vyake binafsi, akasahau jambo alilotufundisha sote: kinachofutwa kule hufutika na huku. Nilikuwa nimefungua folda. Neno lake lilitoweka nikiliangalia.

Wenzangu walipendekeza tumzawadie saa ya ukutani. Nilikataa, saa zimemtesa vya kutosha. Tumemnunulia kompyuta ndogo ya nyumbani, na fundi yuleyule aliyetucheka ameiunganisha na folda moja tu hapa ofisini.

Ahsante, Bwana Nakala, kwa kutulinganisha miaka yote hii. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema na usingizi usiokatizwa na kengele ya pampu. Ramani hatukuombi tena. Ila asubuhi ya tarehe mosi, ukishaamka, kabla ya chai, tafadhali. Nitakuwa nimeshawasha mashine, nangoja.