Kinyozi Ana Miadi Saa Kumi

Lile benchi mbele ya duka la vipuri vya baiskeli lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajapata kuwa na haraka. Mwanamume akishakaa hapo miaka sita hujiona amesoma. Redio, tarishi mstaafu asiye na kitufe cha kuzima, yupo tangu asubuhi. Pembeni yake Injinia, fundi wa baiskeli, cheo hicho alijipa mwenyewe. Kati yao leo kakaa Kinyozi, kikombe cha kahawa kakishika kwa mikono miwili, maana mmoja haumtoshi. Hii ni siku ya tisa hajagusa pombe. Saa kumi kuna kikundi cha walioamua kuacha, chumba cha nyuma pale zahanati, na sasa ni saa tisa na robo. Aliapa kwenda tangu siku mkewe alipomshika mkono mtoto wao, akampitisha mbele ya kiti cha baba yake, akaenda kumnyolesha kwa kinyozi mwingine.

— Si ulikwenda wiki iliyopita? akauliza Redio.

— Nilikwenda. Niliingia chumba sicho.

— Chumba gani?

— Cha wenye kisukari.

Injinia akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Ukatoka?

— Ningetokaje, na nilishasimama? Nikasema yote. Ninavyoficha, ninavyoamka na kiu, mke wangu anavyoninusa. Kila mtu anaitikia kwa kichwa. Mwisho mama mmoja akanishika bega, “Pole mwanangu, hata mimi soda zilinitesa hivyohivyo.”

— Basi usirudi, akasema Redio. Wale nawajua mimi. Ukiingia tu wanakupiga picha, wanaipeleka kila baa. Siku ukitokeza mlangoni, mhudumu anapuliza filimbi.

— Picha ni kidogo, akadakia Injinia. Wanakutuma ukaombe msamaha nyumba kwa nyumba. Wewe, kwa masikio uliyoyakata, utamaliza mwakani mwezi wa nane.

— Na ukimaliza unakabidhiwa walevi wawili wa kwako, ukae nao nyumbani. Shemeji atakubali?

Kinyozi alikuwa anaitazama saa ya ukutani mle dukani. Picha na filimbi hazikumsumbua. Alichokijua ni kwamba saa kumi ikimpita hapa, ikifika saa kumi na mbili mikono hii itakuwa imeshika kitu kingine, si kahawa.

Injinia naye akapatwa na wazo, na wazo likimpata Injinia hakuna anayesalimika.

— Kwani kikundi ni nini? Watu wanakaa, wanakunywa kahawa, wanaambiana ukweli. Sisi hapa tunafanya nini? Tuanzishe chetu!

— Mwenyekiti mimi, akasema Redio kabla hajaulizwa.

— Mimi katibu. Kinyozi, wewe ndiye mwanachama.

— Mwanachama peke yangu?

— Si ndiyo vizuri? Hupangi foleni.

— Sheria ya kwanza, akasema Redio na kukohoa kama waziri. Hakuna kunywa.

— Isipokuwa msibani, akasema katibu.

— Na harusini. Utawaambiaje wakwe?

— Na timu ikishinda.

— Ikifungwa je? Hapo ndipo mtu anaumia zaidi.

— Haya, naandika zote mbili.

Kinyozi akajikuta anatabasamu, na tabasamu hilo likamtisha kuliko filimbi zote za Redio. Watu ni wenzake, kahawa ya moto, na sheria hizi angeziweza zote bila kutoka jasho. Saa ikasema kumi kasoro dakika kumi na tano.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mfagia barabara, ovaroli imemjaa vumbi. Hakuna aliyemjua. Akaegemeza fagio, akaagiza kahawa kwa muuzaji mwenye birika, akaisikiliza ile katiba mpaka kikombe kikafika nusu.

— Samahani kaka zangu, akasema. Katika nyie, aliyeacha ni nani?

Redio akafungua mdomo. Akaujaza kahawa. Injinia akainama kukagua spoku ambayo haikuwa na tatizo lolote.

— Mimi, akasema Kinyozi. Siku tisa.

— Sasa mbona wao ndio wanaokufundisha?

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akamtazama mwenyekiti. Kinyozi akaweka kikombe chini, akasimama.

— We kaa bwana, kikao hakijafungwa!

— Kifungeni.

— Si uende kesho?

— Kesho hawapo. Na mimi kesho sijijui.

Akaondoka. Penye baa akavuka barabara, akapita upande wa pili akihesabu nguzo za umeme kwa sauti, na waliomwona mwendawazimu na waone. Pale zahanati akamwuliza mlinzi chumba ni kipi, akaenda akamwuliza na muuguzi vilevile, ndipo akausukuma mlango.

Viti vimepangwa duara, watu kumi hivi, mwenye suti na mwenye kandambili. Mzee aliyekaa karibu na mlango akamsogezea kiti kitupu kwa mguu.

— Karibu. Wageni wengi hupenda hapa.

Kinyozi akashukuru, akakipita. Akaenda kukaa kile cha konani kabisa, ambako mtu akitaka kutoka lazima awainue wenzake wanne.